Barua ya wazi kwa viongozi wa Rufiji na Kibiti: wazee wa mafuriko ya 1968 bado wapo, waulizeni

Kwa Waheshimiwa Wakuu wa Wilaya, Wakurugenzi Watendaji, madiwani na wenyeviti wa vijiji vya bonde la Rufiji.

Shikamooni.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa kijiji kimoja cha ng'ambo ya mto kutoka Utete, upande wa Mkongo. Nina ombi moja kwenu. Warekodiwe wazee walioyaona mafuriko ya 1968 na kuhamishwa bondeni baada yake. Wasimulie walivyoishi kabla, walivyohama, na walivyoanza upya huku juu. Waliobaki si wengi. Aliyekuwa kijana wa miaka 15 mwaka ule leo ameshavuka 70, na aliyekuwa mtu mzima mwenye mke na shamba, huyo tumhesabu kwa vidole vya mkono mmoja katika kijiji kizima.

Najua mtasema hili ni jambo la familia, kila mtu amwulize babu yake. Nami niliamini hivyo, mpaka familia yetu iliposhindwa.

Bibi yangu, mzaa mama, nilikuwa naye siku aliyoandikishwa kupata kitambulisho cha taifa. Kijana aliyekaa kwenye mashine alimwuliza kwa adabu, "Bibi, umezaliwa lini?" Bibi akajibu bila kusita: mwaka ambao maji yalichelewa kutoka bondeni, watu wakala mbegu ya mlao. Kijana akanigeukia mimi. Nikakadiria mwaka, nikataja tarehe iliyonijia kinywani, ikaandikwa, na tarehe hiyo ndiyo iliyosomwa msibani. Miaka mingi baadaye ndipo nilipotambua kwamba bibi alikuwa amelijibu swali lile kikamilifu, na aliyebahatisha ni mimi.

Kwa wasomaji wasioijua Rufiji, niseme kidogo. Watu wa bondeni waliishi kwa kufuata mto. Mpunga ulipandwa mvua zilipoanza, ukue upate kimo kabla maji hayajapanda. Masika mto ukafurika, ukaingia mashambani, ukaleta tope na samaki. Maji yalipotoka, kuanzia Juni hivi, ndipo ulipokuja mlao: mahindi, kunde, pamba, vyote vikipandwa kwenye tope lenye unyevu na kukua bila kutegemea mvua. Mwenye shamba alikaa kwenye dungu, nyumba iliyoinuliwa juu ya nguzo, alinde mazao dhidi ya nguruwe na viboko, na maji yakija yampite chini. Mafuriko hayakuwa adui. Mwaka usio na mafuriko ulikuwa mbaya, na mwaka wa mafuriko makubwa kupita kiasi nao ulikuwa mbaya. Ndiyo maana miaka ilipewa majina kwa maji yake, na mtu akakumbuka kuzaliwa kwake, ndoa yake na kufiwa kwake kwa alama hizo.

Halafu yakaja ya 1968. Serikali ikaamua watu watoke bondeni wakae vijiji vya pamoja kwenye nchi ya juu, ndiyo iliyoitwa Operesheni Rufiji. Hii ilikuwa miaka kadhaa kabla ya operesheni za vijiji zilizoikumba nchi nzima katikati ya miaka ya 1970, kwa hiyo bonde letu lilikuwa kati ya sehemu za mwanzo kabisa Tanzania kupitia jambo lile. Vitabu vya historia ninavyofundishia havina hata ukurasa mmoja juu yake. Mtoto wa darasa la saba Mkongo anaweza kunitajia ziara za Vasco da Gama, lakini hajui kwa nini kijiji chao kimejengwa mahali kilipo, wala kwa nini baba yake hutembea mwendo mrefu kila msimu kushuka shambani.

Bibi alinisimulia jioni moja, na nilimrekodi kwa simu. Dakika arobaini na kitu. Alikuwa anapeta kunde kwenye ungo, na sauti ya ungo ilisikika kote, sikuwa na akili ya kumwomba aweke chini kwanza. Alisema jioni ile maji yalikuwa ngazi ya pili ya dungu, wakala, wakalala. Alfajiri yalikuwa ngazi ya sita, na kuku walikuwa wamepanda wenyewe, wamejipanga pembeni ya mkeka aliolala mtoto. Mtoto huyo ni mama yangu. Alisema hawakupiga kelele, kwa sababu kila dungu lililo karibu lilikuwa na taa, na taa zikiwaka watu wanajua wenzao wapo. Ilipozimika moja ndipo mume wake akateremka kwenye mtumbwi. Hapo alisimamisha ungo. Akanyamaza kidogo, akaendelea kupeta, na hakutaja ni dungu la nani.

Nilikusudia kumwuliza siku nyingine. Simu ile iliibiwa Mbagala ndani ya daladala, na kabla sijarudi kijijini kumrekodi upya, bibi alikuwa hasemi tena kwa kueleweka. Taa ya nani ilizimika usiku ule mimi sijui, na hakuna mtu aliye hai wa kuniambia.

Ndiyo maana nasema familia peke yake haitoshi. Simu huibiwa, kadi huharibika, wajukuu wanahamia Dar es Salaam, na huku kijijini daftari la zamani la ofisi moja ninayoifahamu lilikutwa limekuwa udongo wa mchwa kutoka jalada hadi jalada. Jambo hili linahitaji mahali pa kukaa na mtu wa kuwajibika nalo. Vyote viwili mnavyo ninyi.

Waheshimiwa, nawaomba mlitazame jambo moja la tarehe. Mwaka ule ule wa 1968, wanafunzi wa historia wa kilichokuwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam waliingia vijiji vya kusini kuwauliza wazee habari za Vita vya Maji Maji, chini ya walimu wao, akiwemo John Iliffe, pamoja na G.C.K. Gwassa. Vita vile vilianza 1905. Walioulizwa walikuwa wazee waliokuwa watoto au vijana wakati wa vita, miaka 63 nyuma. Kama wanafunzi wale wangechelewa miaka kumi, sehemu kubwa ya tunachokijua leo kutoka midomoni mwa Waafrika wenyewe kingekuwa kimezikwa, na tungebaki na taarifa za maofisa wa Kijerumani. Na vita vile ni vyetu: Kinjekitile, mganga aliyewapa watu maji ya dawa, alikuwa mtu wa Ngarambe, humu humu Rufiji, na Mohoro ndipo aliponyongwa tarehe 4 Agosti 1905.

Sasa pigeni hesabu. Kutoka mafuriko ya 1968 hadi leo ni umbali unaokaribia kabisa ule wa kutoka Maji Maji hadi siku wanafunzi wale walipobisha hodi. Tumefika pale pale walipokuwa wao. Tofauti ni kwamba wao walikuja na madaftari na kutembea kwa miguu, na sisi kila kijana wa kijiji ana kinasa sauti mfukoni.

Kuna sababu nyingine ya haraka, nayo ni mto wenyewe. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa Desemba 2022, na mitambo yake ni ya megawati 2,115. Nafurahia umeme huo kama Mtanzania yeyote. Lakini maana yake ni kwamba mtoto anayezaliwa Mloka leo hatakuja kuujua mto usio na milango. Waliouona Rufiji ukipanda na kushuka kwa hiari yake, waliojua kwa rangi ya maji na kwa aina ya magogo yanayoelea kwamba mvua imenyesha upande wa Kilombero na si upande wa Ruaha, hao ni wa mwisho. Hawatapata warithi, hata wajukuu wao wawe na bidii kiasi gani, kwa kuwa kitu chenyewe cha kujifunza hakipo tena kama kilivyokuwa.

Na msidhani maarifa hayo yamepitwa na wakati. Aprili 2024 maji yaliingia Mohoro, watu wakatoka na watoto mgongoni, wote tuliona. Sisemi kumbukumbu za wazee zingeyazuia maji. Nasema kwamba wazee wanajua kwa majina ni sehemu zipi huingiwa kwanza na zipi hubaki kavu. Nyuma ya kijiji kimoja, ambacho sitakitaja, vijana wamekatiwa viwanja kwenye eneo ambalo jina lake kwa lugha ya wazee ni mahali pa viboko. Waliokata viwanja hawaijui lugha ile. Mzee aliyeniambia maana ya jina hilo aliniuliza kama kiboko naye ameshahamia nchi kavu. Majina ya namna hiyo yapo mamia bondeni, kwenye vijito, mabwawa na vilima vya mchwa, na hayamo kwenye ramani yoyote. Yamo vichwani mwa watu wenye miaka 75 na zaidi.

Niseme sasa kuhusu hofu, kwa sababu najua ipo mezani kwenu hata kama haitatamkwa.

Mtahofia ardhi. Mzee akisema "hapa palikuwa kwetu, mwembe ule alipanda baba yangu", mjukuu anaweza kesho kuja na madai. Miembe mikubwa iliyosimama peke yake bondeni ni mahame, kila mtu analijua hilo, na chini ya kila mmoja kuna ukoo. Hofu hii ni ya kweli na sitaki kuipuuza. Lakini migogoro hiyo ipo tayari, na inapelekwa mbele ya mabaraza bila ushahidi wowote zaidi ya nani ana sauti kubwa. Mzee aliyesimulia akiwa hana kesi na mtu, mbele ya majirani zake wa rika lake wanaoweza kumsahihisha, ni shahidi bora kuliko mjukuu anayesimulia alichosikia akiwa tayari amekodi wakili.

Pia mtahofia siasa: kwamba wazee watasema vibaya juu ya operesheni. Wengine watasema. Wengine watasema vizuri. Nimeketi na wazee wawili, ndugu wa tumbo moja, kwenye baraza moja. Mkubwa alisema bila serikali wangekufa kwa maji na kwa njaa, na huku juu ndiko watoto wake walikopata shule na zahanati. Mdogo akasema walitengwa na udongo unaowalisha, wakapewa mchanga, na kwa miaka watu walishuka bondeni wakalala madunguni miezi kadhaa kulinda mlao huku watoto wakikosa masomo. Kisha wakageukiana wakabishana juu ya siku ya kuhama, kama ilikuwa kabla au baada ya Idi. Mimi nikasikia wote wawili wakisema kweli. Bibi yangu alikuwa na maneno yake kwa jambo hilo: hatukufukuzwa, na hatukuchagua. Nchi yenye umri wa Tanzania inaweza kuyasikia yote hayo ikabaki imesimama. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa na ujasiri wa kuzungumzia hadharani yaliyoharibika katika utawala wake, hivyo hatumkosei heshima tukiwaacha wazee wazungumze.

Kuhusu namna ya kufanya, sina utaalamu mkubwa, ila nimejifunza kwa kukosea.

Waache wazee wazungumze lugha yao. Kindengereko, Kirufiji, Kimatumbi, kile kinachomjia mtu akiwa hajitazami. Nilimwona mzee mmoja akihojiwa kwa Kiswahili cha ofisini. Alijibu "ndiyo, tulihama vizuri" akanyamaza. Wiki iliyofuata, kwa lugha yake, alizungumza toka asubuhi hadi adhuhuri. Tafsiri inaweza kufanywa baadaye na kijana yeyote aliyesoma, lakini sauti haiwezi.

Msiwaulize wanaume peke yao. Wageni wakija kijijini hupelekwa kwa wazee wa kiume waliokaa kwenye viti, na akina bibi wako nyuma wakipika. Lakini mpunga ulikuwa mkononi mwa wanawake. Wao ndio waliojua mbegu ipi hukomaa haraka kabla maji hayajafika, na ipi hurefuka pamoja na maji yanapopanda, na ndio waliobeba mbegu hizo kwenye mafundo ya kanga siku ya kuhama. Bibi alibeba aina nne. Moja tu ndiyo iliyoota huku juu, na alipokuwa akizitaja zile tatu nyingine alizitaja kwa sauti ya mtu anayetaja marehemu.

Na ruhusa iwe yao. Mzee akisema jambo hili lirekodiwe ila lisisikilizwe mpaka nife, liheshimiwe hivyo. Yapo mambo ya tambiko, ya jando na unyago, yasiyopaswa kutoka kwa wenyewe, na hakuna sababu ya kuyachokonoa. Mwenye kusimulia asikilize sauti yake kabla haijahifadhiwa, afute asichokitaka.

Gharama haiwezi kuwa kisingizio. Kila halmashauri ina afisa utamaduni. Kila kijiji kina vijana waliomaliza kidato cha nne wanaokaa vijiweni. Wachaguliwe wawili kwa kila kijiji, msichana na mvulana, wafundishwe siku chache jinsi ya kuuliza na kunyamaza, wapewe nauli na posho ya haki. Rekodi zitolewe nakala tatu: moja ibaki kijijini, kwenye shule, ambako watoto wanaweza kuisikia, moja iwe Utete au Kibiti, na moja ipelekwe kwenye Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Tanzania iliuridhia mwaka 2011 ule mkataba wa UNESCO wa 2003 wa kulinda urithi wa utamaduni usioshikika, na mkataba huo unataja waziwazi mapokeo ya simulizi. Wakurugenzi wakitafuta kifungu cha kuegemea wanapoandika bajeti, ndicho hicho.

Kuna jambo moja mnaweza kulifanya kesho bila kutoa hata senti. Rufiji imetafitiwa sana. Wamekuja wa udongo, wa samaki, wa misitu, wa malaria, wa mafuriko. Kwa miaka mingi kaya zetu zimekuwa zikitembelewa mara kwa mara kuhesabiwa nani amezaliwa na nani amefariki. Watafiti hao huja na kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, hupita kwa Katibu Tawala wa Wilaya kupata barua ya utambulisho, kisha huenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Wengi walikuwa watu wema. Mmoja alikaa kwetu miezi miwili nikiwa mdogo, akamrekodi babu kwenye kaseti, na kila kaseti ilipoisha alimpa babu aandike alama ya msalaba juu yake. Babu alikuwa Mwislamu, akawa anachora nyota badala yake. Kaseti zile ziliondoka na mwenyewe na hatujui ziko nchi gani. Waheshimiwa, andikeni mstari mmoja kwenye barua ile ya utambulisho: mtafiti ataacha kijijini nakala ya kila sauti aliyoirekodi. Na waandikieni wale waliokwisha kuondoka, kupitia vyuo vyao, mkiwaomba warudishe nakala. Sidhani wengi watakataa. Pengine hakuna aliyewahi kuwaomba.

Mimi nimeanza kwa uwezo wangu. Darasa langu la sita wamewauliza wazee wa jirani swali moja tu: ulikuwa wapi maji yalipokuja? Tumepata majibu 19 kwenye daftari la mistari, kwa mwandiko wa watoto wa miaka kumi na miwili. Katika majibu hayo, wanne wametaja taa za madunguni. Nimewapangia watoto waulize tena, kwa upole, kama yupo anayekumbuka ilizimika ya nani.

Yeyote kati yenu atakayependa kuanza, katika kijiji chetu nitampeleka kwa mzee wa kwanza mimi mwenyewe. Anakaa nyumba ya tatu baada ya kisima. Sikio lake la kushoto halisikii, kwa hiyo mkae upande wa kulia. Mje asubuhi jua likiwa bado baridi, maana kuanzia saa tano huwa amelala.

Wenu katika kazi,
Mwalimu wa shule ya msingi, bonde la Rufiji